Nakala Iliyobaki Mezani

Mwanzoni mwa mwaka 1999, mteja wa Marekani aliyekwenda dukani kutafuta shajara ya kielektroniki ya Palm alikuta mbili mpya zimewekwa bega kwa bega. Palm IIIx ilikuwa na megabaiti 4 za kumbukumbu na ilitumia betri mbili ndogo za kubadilisha, kwa bei ya dola 369. Palm V ilikuwa na nusu ya kumbukumbu hiyo, betri yake ilifungiwa ndani, na bado iliuzwa dola 449. Kwa majedwali ya magazeti ya kompyuta ya siku zile, yaliyopanga vifaa kwa megabaiti na megahezi, Palm V ilistahili kudoda. Haikudoda. Gamba lake jembamba la alumini, lenye uzito wa gramu 115 hivi, ndilo watu walilolitamani. Ni rahisi kusema kwamba wanunuzi walihadaiwa na urembo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Walikuwa na sababu ya kutojali ukubwa wa kumbukumbu, na sababu hiyo hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoamua hatima ya karibu kila shajara ya kielektroniki iliyouzwa tangu miaka ya 1980 hadi simu janja zilipozimeza zote. Swali lililozitenganisha aina hizi halikuonekana kwenye jedwali lolote: nakala halisi ya mambo ya mtu inakaa wapi, ndani ya kifaa au nje yake?

Kwa zile za mwanzo, ilikaa ndani. Psion Organiser ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1984, na shajara za Casio na Sharp zilizofuata, zilikuwa madaftari yenye vitufe. Mtu aliandika namba za simu moja moja kwa vidole, jioni nzima ikapita, na kuanzia hapo namba hizo ziliishi humo. Betri zikiisha vibaya au kifaa kikidondoka majini, daftari lote limekwenda. Psion walilijua tatizo hili na wakalishughulikia kwa ustadi: Series 3 ya mwaka 1991 ilikuwa na betri ya akiba yenye umbo la sarafu na nafasi mbili za kuchomeka vidiski vya kuhifadhia nakala. Ni kazi ya wahandisi makini. Lakini suluhisho lilimdai mwenye kifaa awe na nidhamu ya mtunza kumbukumbu, na waya wa kuiunganisha na kompyuta ya mezani uliuzwa peke yake, kama kitu cha wachache.

Apple walikwenda mbali zaidi katika njia hiyo. John Sculley alipoitangaza Newton mwaka 1992, na MessagePad ya kwanza ilipoingia madukani Agosti 1993 kwa takriban dola 700, ndoto ilikuwa kompyuta ya aina mpya kabisa, inayosimama yenyewe na kuusoma mwandiko wa mkono wa kila mtu. Historia imeukumbuka mwandiko huo uliosomwa vibaya, na wachora katuni waliucheka hadharani. Nadhani kosa kubwa lilikuwa kwingine. Newton ilijiona mshindani wa kompyuta ya mezani, kwa hiyo haikuona haja ya kuitegemea, na vifaa vya kuziunganisha hizo mbili navyo viliuzwa kando. Toleo la mwaka 1997, MessagePad 2000, lilisoma mwandiko vizuri mno kuliko la kwanza na lilikuwa na kasi kubwa. Hata hivyo Steve Jobs aliisimamisha Newton Februari 1998. Kama mwandiko ndio uliokuwa ugonjwa, mgonjwa alikufa baada ya kupona.

Kampuni ya Palm ya Jeff Hawkins nayo ilipita njia hiyo hiyo mwanzoni. Mwaka 1993 ilishirikiana na Casio na Tandy kuitoa Zoomer, kifaa kizito na cha polepole ambacho soko lilikikataa. Kilichowaokoa ni kwamba waliwauliza wanunuzi wachache waliopatikana walikitumiaje, na majibu yakaelekea upande mmoja: watu walitaka kilichomo mkononi kifanane na kilichomo kwenye kompyuta zao. Hawakuomba kompyuta ya pili. Pilot 1000 ilipotoka mwaka 1996, kwa dola 299, ilikuwa na kilobaiti 128 tu za kumbukumbu na prosesa ya megahezi 16, dhaifu kuliko MessagePad ya kwanza iliyoitangulia kwa karibu miaka mitatu. Ila ndani ya boksi lake kulikuwa na kitako chenye kitufe kimoja. Unakiweka kifaa juu yake, unabonyeza, na baada ya muda mfupi pande zote mbili zina orodha moja ya anwani, ratiba moja, kazi zile zile. Kumbukumbu ya Pilot nayo ilifutika betri zikiisha kabisa, kama ya Casio. Tofauti ni kwamba hasara ilikuwa ya siku moja, na kuirudisha kulihitaji kubonyeza tena. Katika mwaka mmoja na nusu ziliuzwa kiasi cha milioni moja.

Hapo atasimama mtu aseme bei ndiyo iliyoshinda, wala si kitako. Bei ilisaidia, sikatai. Lakini shajara za kielektroniki za bei nafuu kuliko Pilot zilijaa madukani miaka yote hiyo bila kuzaa mapinduzi yoyote. Tena kuna ushahidi mzuri wa mwaka 1999, pale Hawkins na wenzake, wakiwa wameshaihama Palm, walipoanza kuuza Visor chini ya jina la Handspring. Visor Solo iliuzwa dola 149, na Visor yenye kitako dola 179. Kifaa ni kile kile. Dola 30 zilikuwa bei ya kitako. Watu waliomjua mnunuzi kuliko yeyote walikuwa wametambua kwamba kitako ni sehemu ya bidhaa yenye thamani yake, na kwamba asiyekihitaji ni yule ambaye tayari anacho kingine.

Pingamizi la Psion ni zito zaidi, na linastahili heshima. Series 5 ya mwaka 1997 ilikuwa na kibodi ambayo mwandishi angeweza kuitumia kuandika makala nzima ndani ya treni, kwa betri mbili za kawaida. Palm haikukaribia hapo. Kwa mwandishi wa habari, kuchagua Psion kulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kazi yake ilizaliwa ndani ya kifaa. Anayebeba ratiba hana kazi ya namna hiyo. Ratiba yake imeshazaliwa ofisini. Wenye kubeba ratiba walikuwa wengi kuliko wenye kuandika ndani ya treni, na mwaka 2001 Psion ilitangaza kuachana na soko hilo.

Mantiki hiyo hiyo ilifika kusini mwa Tanzania kwa sura nyingine. Mwaka 2004 watafiti wa afya walitumia vifaa hivi vya kiganjani katika wilaya tano za mikoa ya Lindi na Mtwara, wakahoji zaidi ya kaya 20,000 bila madodoso ya karatasi. Majibu yaliingizwa mlangoni kwa mhojiwa, kisha kila siku yakahamishiwa kwenye kompyuta za mpakato. Kifaa kilikuwa chombo cha kuchotea tu, na hakuna aliyekiachia data ya watu ilale humo.

Linabaki pingamizi la mwisho: mbona hatimaye wenye nguvu ndio walioshinda? Compaq iPAQ ya mwaka 2000 ilikuwa na skrini ya rangi na prosesa ya megahezi 206, na simu zilizofuata zikaizidi. Ni kweli, ila iPAQ yenyewe haikushinda kitu cha kudumu, na iPhone ya mwaka 2007, pamoja na nguvu zake zote, ilianza maisha ikiwa imefungwa kwa waya kwenye kompyuta, kwa anwani na kalenda sawasawa na Pilot. Kilichobadilika baadaye ni mahali pa nakala. Ilihama kutoka mezani kwenda kwenye seva za mbali, na kitako kikakosa kazi. Palm wenyewe waliliona hilo mapema: simu yao ya Palm Pre, ya mwaka 2009, iliacha kabisa uoanishaji wa zamani wa kupitia kompyuta ya mezani, ikachukua anwani na kalenda moja kwa moja kutoka kwenye akaunti za mtandaoni. Walikuwa sahihi, lakini akaunti hizo zilikuwa za Google, Facebook na Microsoft, na aliyeshika nakala sasa hakuwa mteja wala Palm. Mwaka 2010 Hewlett-Packard iliinunua kampuni kwa dola bilioni 1.2, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa vyake.