Kutoka Jiwe Hadi Nondo: Historia ya Nanga ya Vyombo Vidogo

Katika vitabu vingi vya ubaharia, historia ya nanga husimuliwa kwa kufuata meli kubwa za kivita na za biashara, ambazo zilikuwa na fedha za kununua chuma kingi na mabaharia wengi wa kukivuta. Vyombo vidogo, kama vile mtumbwi, ngalawa, dau na mashua, hutajwa kwa kupita tu, ilhali ndivyo vilivyokabiliwa na swali gumu zaidi: namna ya kupata kifaa ambacho mtu mmoja anaweza kukinyanyua, ambacho kikipotea mwambani mwenye chombo hafilisiki, na ambacho hata hivyo kitakizuia chombo kisichukuliwe na upepo usiku kucha. Masharti hayo matatu hayapatani kwa urahisi, na kila umbo la nanga lililobuniwa tangu kale limelipa uzito zaidi mojawapo na kuyapunja mengine.

Jiwe ndilo lililotangulia, na mahali pengi bado linatumika. Ubora wake ni kwamba halina bei, na kasoro yake huanza pale linapozama, kwa sababu kitu chochote kilichozamishwa hupungua uzito kwa kiasi kilekile cha uzito wa maji kiliyoyasukuma, kanuni iliyofafanuliwa na Archimedes wa Sirakuza katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Jiwe la kawaida lina uzito wa takriban mara mbili na nusu ya maji ya ujazo uleule, hivyo jiwe la kilo 20 likifika chini hubaki na uzito wa kilo 12 tu, na kopo la rangi lililojazwa zege halina nafuu yoyote. Chuma, ambacho kinakaribia mara nane ya uzito wa maji, hupoteza kilo mbili na nusu hivi katika kila kilo 20. Jiwe la matumbawe, ambalo ndilo linalookotwa kwa urahisi zaidi visiwani, ni jepesi kwa kuwa limejaa vitundu, na kwa kazi hii ndilo baya kuliko yote. Isitoshe, jiwe lililolala juu ya mchanga huzuia chombo kwa msuguano peke yake, na nguvu ya msuguano huo kwa kawaida haifikii hata ule uzito uliobaki.

Mabaharia wa kale waliitambua kasoro hiyo mapema kuliko inavyodhaniwa. Mtafiti Mwingereza Honor Frost, ambaye katika nusu ya pili ya karne ya 20 alichunguza kwa miaka mingi mawe yaliyotobolewa ya mashariki ya Mediterania, kuanzia Byblos na Ugarit hadi Kition huko Saiprasi, aliyatofautisha kwa matumizi yake: yapo yenye tundu moja la kamba, yanayotegemea uzito na kufaa zaidi penye miamba, na yapo yenye matundu ya ziada upande wa chini, ambamo vilichomekwa vijiti imara ili vichokoe mchanga chombo kinapovuta. Upande wa Afrika, katika pwani ya Misri ya Bahari ya Shamu, mahali panapoitwa Wadi Gawasis, wanaakiolojia walikuta nanga za mawe za takriban miaka 4,000 iliyopita, za safari za mafarao kwenda nchi ya Punt, na baadhi yake zilikuwa zimetumika kujengea madhabahu. Kwa hiyo tofauti kati ya nanga inayokaa kwa uzito na nanga inayoshika kwa kuchimba, ambayo wahandisi wa karne ya 20 waliieleza kwa hesabu, ilikwisha kuonekana kwa macho na kwa mikono katika Zama za Shaba.

Bahari ya Hindi ilikwenda hatua moja mbele. Katika karne za kati vyombo vya Waarabu, Waajemi na Wahindi vilibeba nanga yenye mhimili wa jiwe, yaani nguzo ndefu iliyochongwa pande nne, ikiwa na tundu la kamba juu na matundu mawili ya mraba upande wa chini, moja likipita mbele kwenda nyuma na jingine kulia kwenda kushoto. Ndani ya matundu hayo mawili zilipitishwa fito mbili za mti mgumu, na hivyo nanga ikawa na ncha nne zilizoelekea pande nne. Mihimili ya aina hiyo imepatikana Siraf katika pwani ya Iran, Qalhat huko Oman, Gujarat nchini India, na pia Kilwa Kisiwani, jambo linaloonyesha kuwa umbo hilo lilisafiri na pepo za msimu pamoja na biashara yenyewe. Umbo la ncha nne lina hekima yake: vyovyote nanga itakavyoanguka, ncha mbili zitagusa chini, na baharia hahitaji kitu kingine cha kuilazimisha igeuke.

Ulaya ilichukua njia nyingine, ya mikono miwili. Nanga ya mikono miwili ikilala kifudifudi mikono yake hutambaa juu ya mchanga bila kuchimba, na kwa sababu hiyo juu ya mhimili huwekwa mti wa kukingama, ulioelekea upande mwingine na mikono, ili uipindue nanga mpaka mkono mmoja uelekee chini. Warumi waliutengeneza mti huo kwa risasi. Ziwa Nemi, karibu na Roma, lilipopunguzwa maji kati ya mwaka 1928 na 1932 na kufichua meli mbili za zama za Kaisari Caligula, ilionekana nanga ya chuma ambayo mti wake wa kukingama uliweza kuchomolewa, utaratibu ambao kabla ya hapo ulidhaniwa kuwa wa karne za karibuni. Waandishi wa kale walipenda kumpa mtu mmoja sifa ya kila uvumbuzi, na nanga ya mikono miwili walimpa Anacharsis, mwenye hekima wa Waskithi, watu wa mbuga na farasi. Mwanajiografia Strabo alilitilia shaka dai hilo, na hakuna sababu ya kumpinga.

Nanga hiyo ya mikono miwili, ambayo Waswahili wa pwani huiita baura ili kuitofautisha na ile ya meno manne, ilikuwa nzuri kwa meli, lakini kwa chombo kidogo ilikuwa ghali na nzito bila faida, maana mkono mmoja hufanya kazi ilhali wa pili umesimama juu ukingoja kunasa kamba. Wavuvi wa Newfoundland na pwani ya kaskazini-mashariki ya Amerika hawakujisumbua nayo sana. Walifunga jiwe refu ndani ya kizimba cha fito, wakachomeka miti miwili iliyochongwa ncha chini yake, wakapata nanga isiyogharimu zaidi ya kazi ya jioni moja.

Kamba, ambayo historia nyingi huisahau, ni nusu ya nanga. Mnamo Aprili 1498, vyombo vya Vasco da Gama vilipokuwa vimetia nanga nje ya Mombasa, watu wa mji waliogelea usiku na kuanza kuikata kamba ya chombo kilichoitwa Berrio, na kumbukumbu ya safari hiyo inaeleza kuwa walinzi walidhani kwanza kwamba ni samaki aina ya jodari wanaocheza majini. Mwamba wa matumbawe hufanya kazi ileile ya kisu, tena bila kuonekana. Minyororo ya chuma ilianza kuenea katika meli mwanzoni mwa karne ya 19, kwa juhudi za ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Samuel Brown, na kwa chombo kidogo leo mnyororo wa meta mbili au tatu tu, uliofungwa kati ya nanga na kamba, hutosha kuikinga kamba na mwamba na kuulaza mvuto uwe sambamba na sakafu ya bahari.

Ulalo wa mvuto ndio unaoamua kama nanga itazama mchangani au itang'oka, na ndiyo maana urefu wa kamba hupimwa kwa kulinganishwa na kina. Kwa kawaida hutakiwa mara tano ya kina, na upepo ukichafuka mara saba au zaidi. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, ambako maji ya bamvua huweza kupanda karibu meta nne, hesabu hiyo ina mtego: anayetia nanga maji yakiwa yamekupwa, penye kina cha meta tatu, akalegeza kamba ya meta 15, amepata mara tano kamili, lakini saa sita baadaye kina kimekuwa meta saba, kamba ileile imebaki mara mbili tu ya kina, na chombo huanza kukokota nanga bila ya upepo kuongezeka hata kidogo. Lawama humwangukia fundi aliyeitengeneza nanga, naye hana kosa.

Mabadiliko makubwa katika umbo lenyewe yalikuja mwaka 1933, na aliyeyaleta hakuwa mhunzi. Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye baadaye alijulikana kwa kukadiria nguvu ya bomu la kwanza la atomiki kwa kutazama picha za mlipuko wake, alikuwa pia baharia hodari aliyefika visiwa vya Lofoten huko Norwe mwaka 1927 kwa chombo chake kidogo kilichoitwa Frolic. Taylor aliona kwamba chuma kingi cha nanga ya kawaida kinabebwa bure, akaunda nanga yenye ubapa mmoja uliokunjwa mfano wa plau, ulioungwa na mhimili kwa bawaba, ambao huanguka ubavu, hujigeuza wenyewe unapovutwa, kisha huzama na kuendelea kuzama kadiri mvuto unavyozidi. Nanga hiyo, iliyouzwa kwa jina la CQR, ilishika sawa na nanga za zamani zilizoizidi uzito kwa mbali. Hoja yake ya msingi, ambayo aliichapisha mwaka 1934, ni kwamba nguvu ya nanga hutokana na kiasi cha mchanga inachokizuia, na uzito wake una kazi ndogo ya kuisaidia ianze kuzama.

Miaka michache baadaye Mmarekani Richard Danforth alitengeneza nanga yenye bapa mbili pana zinazopinduka pande zote mbili za mhimili, ambayo katika Vita Kuu ya Pili ilifungwa nyuma ya vyombo vya kushushia askari ufukoni, ikaangushwa chombo kikiikaribia nchi kavu, kisha ikatumika kukivuta kirudi majini. Katika miaka ya 1970 Peter Bruce alileta nanga ya kipande kimoja isiyo na bawaba, kwa ajili ya mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na tangu miaka ya 1980 zimefuata nyingine kadhaa kutoka Ujerumani, Ufaransa na New Zealand, zote zikishika vizuri na zote zikiwa na bei ambayo mvuvi wa ngalawa hana sababu ya kuijadili.

Hapo ndipo historia ya vitabu na historia ya wavuvi zinapoachana, kwa kuwa ushindi wa Taylor na Danforth ulipatikana mchangani na kwenye tope, ilhali mvuvi wa mwambani anahitaji kifaa cha kunasa, na zaidi ya hapo anahitaji kifaa kinachokubali kunasuliwa. Jibu lililoenea katika pwani nyingi za dunia, ikiwamo ya Afrika Mashariki, ni nanga ya nondo: fundi hukata kipande cha bomba la maji, hupenyeza nondo nne, hupinda ncha zake nje kwa pande nne, kisha huzichomelea na kuweka pete juu. Mwenye kuifahamu mihimili ya mawe ya Kilwa ataliona umbo lilelile. Udhaifu wake kwenye mchanga haufichiki, kwani mikono myembamba hupita ndani yake kama uma ndani ya uji.

Mwambani, hata hivyo, unene wa nondo ndio ubunifu wote. Nguvu inayohitajika kunyoosha mkono wa nondo huongezeka kwa mchemraba wa kipenyo chake, maana yake ni kwamba nondo ya milimita 12 hustahimili zaidi ya mara tatu ya kile kinachoinyoosha ile ya milimita 8 yenye urefu uleule. Mwenye chombo kidogo akichagua nondo nyembamba, mkono ulionasa hunyooka anapovuta kwa nguvu zake zote, nanga hupanda, na nyundo huirudisha katika hali yake. Akichagua nondo nene kwa kudhani kwamba imara zaidi ni bora zaidi, ameiacha nanga chini pamoja na kamba. Mbinu nyingine ya kale hutimiza lengo hilohilo bila kupinda chochote: kamba hufungwa chini, pale mikono inapokutana, kisha hupandishwa kando ya mhimili na kushikizwa kwenye pete kwa uzi dhaifu, ambao hukatika nanga ikinasa, na mvuto ukatokea upande wa pili. Mwamba nao hulipa gharama ya mbinu hizo, kwa sababu matumbawe yaliyovunjwa na nanga huchukua miaka mingi kukua tena, na ndiyo sababu maeneo kadhaa ya hifadhi ya bahari huweka maboya ya kudumu ili vyombo vifungwe hapo badala ya kutia nanga.

Kwa mchanga na tope, jambo lililosalia ni la karakana. Hataza za Taylor na Danforth zilimaliza muda wake zamani, na nanga ya Danforth hasa haihitaji kusubu wala kufua, kwa kuwa hukatwa kutoka bati nene la chuma na kuchomelewa, sharti kubwa likiwa bapa zake zifunguke kwa takriban nyuzi 30 kutoka kwenye mhimili. Vyuo vya ufundi vya pwani na vya kando ya maziwa vina mashine za kutosha kuitengeneza, na maji yakikupwa mchanga mpana hubaki wazi kwa majaribio: mizani ya kuning'iniza, kamba ndefu na watu wa kuvuta vinatosha kupima ni kilo ngapi kila nanga inashika kabla ya kung'oka. Nanga ziuzwe na hesabu hiyo ikiwa imegongwa kwenye mhimili.