Huduma shufaa, na namna ya kuijua iliyo njema

Familia ya Ikutha kule Kitui, au ya Kathonzweni kule Makueni, ikishaambiwa hospitalini kwamba saratani ya mzazi wao imeenea na upasuaji hautasaidia tena, hupewa karatasi ya kuonana na watu wa "paliativu". Wengine huambiwa waulizie "hospisi". Siku ile watu wamechanganyikiwa, hakuna anayeuliza maana, na wengi hurudi nyumbani wakidhani wameonyeshwa mlango. Kiswahili kina istilahi yake, huduma shufaa (wengine husema tiba shufaa), na inafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu asiyejua huduma hii ni kitu gani hawezi kujua kama anayopewa ni nzuri au mbovu.

Kwanza neno lenyewe. Shufaa limetoka Kiarabuni na Waislamu wanalijua tangu utotoni: ni maombezi, pale mwenye heshima anaposimama mbele ya mwenye hukumu kumwombea aliye dhaifu. Jirani yake ni shifaa, yaani uponyaji. Irabu moja tu inayatenganisha, na tofauti hiyo ndogo imeleta tabu kubwa, maana anayesikia shifaa hungoja mgonjwa apone, na asipopona huona ametapeliwa. Huduma shufaa haiahidi kupona. Inaahidi kwamba mtu mwenye ugonjwa mzito hataachwa peke yake na maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, hofu na gharama, na kwamba walio naye watasaidiwa pia. Wazungu walichukua neno la Kilatini lenye maana ya joho, kitu cha kumfunika mtu. Mimi naliona la kwetu limebeba zaidi. Joho linafunika, lakini mwombezi ana kazi ya kufanya, na anaweza kuulizwa kama ameifanya.

Aliyeipa huduma hii sura ya kisasa ni Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho kwa wakati mmoja, na ukitibu upande mmoja tu hujatibu. Mkamba hahitaji hotuba ndefu kulielewa hilo. Kwa Kikamba woo ni maumivu ya jino na pia ni huzuni ya msiba, na anayesema anasikia woo anangoja umuulize ni wa wapi. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na daktari wake mkuu wa kwanza alikuwa Anne Merriman, ambaye mwaka 1993 alikwenda Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda. Nairobi Hospice haina wodi ya kulaza wagonjwa. Huwaona kliniki, huwakaribisha kwa siku maalumu, na huwafuata nyumbani. Kwa hiyo anayeitafuta hospisi kama jumba lenye vitanda anaweza kulipita lango lake bila kuijua.

Jambo jingine la kunyoosha ni wakati. Nchini Marekani bima ya serikali ya wazee hulipia hospisi pale daktari anapothibitisha kwamba mgonjwa amebakiza takriban miezi 6 au pungufu. Watu wanaisoma kanuni hiyo ya malipo wakidhani ndiyo maana ya huduma yenyewe. Siyo. Shirika la Afya Duniani linataka huduma shufaa ianze mapema, sambamba na dawa za kupambana na ugonjwa, na mwaka 2014 Baraza Kuu la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziiingize katika mifumo yao ya afya. Mgonjwa wa figo Mwingi, mwenye saratani ya umio Makindu asiyeweza kumeza uji, mtoto mwenye selimundu, wote wanastahili hata kama wana miaka mbele yao.

Sasa tuje kwenye ubora, tukiwa palepale Kitui na Makueni. Kaunti ya Kitui ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187. Makueni ina kilomita za mraba takriban 8,000 na watu 987,653. Kutoka Tseikuru hadi mji wa Kitui, au kutoka Mtito Andei hadi Wote, ni safari ya kumchosha hata aliye mzima. Mgonjwa aliyedhoofika hataifanya kila wiki. Kitanda chake kiko nyumbani, na muuguzi wake wa kweli ni binti, mke, mjukuu au jirani. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: mtoa huduma shufaa apimwe kwa yale yanayotokea katika nyumba ile saa ambazo yeye hayupo.

Taaluma ya kupima ubora ina mpangilio wake. Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa tiba hutazamwa katika mambo matatu: vitendea kazi na watu waliopo, utendaji wenyewe, na matokeo kwa mgonjwa. Wakaguzi hupenda la kwanza kwa sababu linahesabika upesi: vyumba vingapi, wauguzi wangapi wenye cheti, gari lipo au halipo. Mambo hayo yana haki yake, na wala sishauri mtu akubali kituo kisicho na muuguzi aliyefunzwa. Lakini gari jipya linaweza kulala uani mwezi mzima kwa kukosa mafuta, na cheti ukutani hakimjibu mtu simu.

Afrika imejitengenezea kipimo cha matokeo. APCA, muungano wa huduma shufaa barani ulioanzishwa 2004 na wenye makao Kampala, una hojaji fupi ya maswali 10. Saba huulizwa mgonjwa: maumivu yake, dalili nyingine zinazomsumbua, wasiwasi juu ya ugonjwa, kama ameweza kusema yaliyo moyoni kwa ndugu na rafiki, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama familia imesaidiwa kupanga ya mbele. Matatu huulizwa anayemtunza: amepewa maelezo ya kutosha? Anajiamini katika kumtunza? Ana wasiwasi kiasi gani? Kila jibu huwa kati ya 0 na 5, kwa kuangalia siku 3 zilizopita. Huhitaji kusoma wala kuandika. Mkono uliokunjwa ni sifuri, vidole vyote vitano ni maumivu yasiyovumilika.

"Mwaitu, maumivu ni vidole vingapi leo?" muuguzi anauliza. Mama anainua vinne. Kuinua huko bado hakujathibitisha ubora. Ubora ni vile vinne kuandikwa, dawa kubadilishwa siku hiyohiyo, na swali lilelile kuulizwa tena baada ya siku chache ili ijulikane kama vimeshuka. Daftari lenye vinne, vinne, vinne kwa miezi miwili, na dawa ileile pembeni, ni ushahidi kwamba mtu amekuwa akiulizwa na hasikilizwi. Ningekuwa mkaguzi wa kaunti, ningeanza na daftari hilo kabla ya kuonyeshwa jengo.

Hapa hatuwezi kuikwepa mofini. Kwa maumivu makali ya saratani ndiyo dawa ya msingi, na ile ya maji, inayochanganywa kutoka kwenye unga, si ghali. Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba inyweshwe kwa mdomo, kwa saa, na kwa kipimo cha mgonjwa huyu, si cha mwingine. Inavyoonekana nyumbani ni hivi: chupa yenye lebo, bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, na ratiba iliyoandikwa kwa saa za Kiswahili. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili mgonjwa alale bila kuamshwa saa nane. Kuna pia dozi ya ziada iliyoelezwa na mwandikaji dawa, ya kutolewa maumivu yakipenya kabla ya wakati wake. Anayemtunza aonyeshwe kwa vitendo namna ya kuvuta dawa hadi kwenye mstari, naye aifanye mbele ya muuguzi. Kumwambia "umpe kidogo kidogo" si kufundisha.

Kichefuchefu na usingizi wa mwanzo hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui. Kwa hiyo mofini huandamana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, isipokuwa mgonjwa anaharisha. Familia inayotaka kumjua mtoa huduma upesi iangalie hapo: akitoa mofini peke yake, bila dawa ya choo na bila neno kuihusu, hajaijua kazi yake. Jamaa wengi huogopa kwamba mofini ni dawa ya kumalizia mtu. Mtoa huduma mzuri huliongelea hilo kabla hajaulizwa, hukaa na mzee wa nyumba na kumweleza kwamba kipimo sahihi humwezesha mgonjwa kula, kuongea na kulala, na kwamba chupa inafungiwa mbali na watoto.

Kuna kidonda pia. Saratani ya titi au ya shingo ya kizazi ikifikia kutoa harufu, mgonjwa hujitenga, wajukuu huacha kuingia, na nyumba nzima hunyamaza. Tembe za metronidazoli zikipondwa na kunyunyizwa kwenye kidonda kilichosafishwa hupunguza harufu hiyo sana. Ni dawa iliyozoeleka, ipo hata kwenye duka la dawa la sokoni. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi jambo dogo, likijulikana, linavyorudisha watu chumbani. Kituo ambacho hakimuulizi mama kuhusu harufu, kwa kuona haya, kimemwachia aibu hiyo aibebe mwenyewe.

Swali gumu zaidi ni la usiku. Marekani, familia zilizofiwa hutumiwa hojaji ya kitaifa kuhusu hospisi iliyowahudumia, na mojawapo ya mambo wanayoulizwa ni kama walipata msaada jioni, wikendi na sikukuu. Swali hilo linafaa Makueni kuliko hata huko lilikotungwa. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kadi ni ya nani? Inapokelewa saa saba za usiku, au Jumapili? Nani ana ruhusa ya kuongeza dozi kwa simu? Mofini ikiisha Ijumaa, na mwenye mamlaka ya kuiandika yuko semina Machakos, mgonjwa anangoja mpaka Jumatatu? Uganda iliona shida hiyo na mwaka 2004 ikabadilisha kanuni zake, wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuandika mofini. Kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 1994 iliandikwa kwa kuwalenga zaidi walanguzi, na hofu yake imeingia hadi kwenye kabati la dawa la hospitali. Mwaka 2010 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoachwa na maumivu yanayotibika. Hatua zimepigwa tangu hapo: KEHPCA, muungano wa hospisi na vituo vya huduma shufaa nchini, umefunza wahudumu wengi, na serikali ina sera ya huduma shufaa ya 2021 hadi 2030. Sera hiyo ipimwe pia kwa simu ya Jumapili.

Kuhusu fedha nitasema machache. Makueni ilionyesha njia mwaka 2016 ilipoanzisha mpango wa matibabu wa MakueniCare, kaya ikichangia shilingi 500 kwa mwaka. Siku hizi malipo ya matibabu yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Familia iulize mapema nini kinalipiwa nyumbani na nini kinalipiwa hospitalini tu, kwa sababu nimeshaona ng'ombe wakiuzwa kwa ajili ya safari ya Nairobi ambayo haikuwa na chochote cha kumwongezea mgonjwa. Mwombezi wa kweli huthubutu kusema, "Mzee, safari hii haitamsaidia, tumtulizie hapa." Vilevile husema, "Hii ya mionzi itampunguzia maumivu ya mfupa, twende," pale inapofaa.

Kipimo cha mwisho huja baada ya mazishi. Kituo kinachoijua kazi yake humrudia aliyemtunza mgonjwa, kikachukua mofini iliyobaki, kikamuuliza analalaje. Kaunti inaweza kujifunza mengi hapo bila gharama kubwa. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wana simu za kuingizia taarifa za kila kaya, na wao ndio wa kwanza kujua nani amefiwa. Miezi mitatu baadaye, mhamasishaji aketi na yule binti na kumuuliza maswali matatu: maumivu ya mama yalitulia? Ulipopiga simu usiku, kuna aliyepokea? Ni kitu gani ulikihitaji ukakikosa? Majibu ya mwezi mzima yasomwe kwenye kikao cha hospitali ya kaunti, Kitui mjini na Wote, wakiwepo mfamasia, muuguzi wa huduma shufaa na anayeshika ufunguo wa kabati la mofini.