Protini ya Kichomi Ilivyofika kwa Wapasuaji wa Saratani

Mwaka 1930, antibiotiki zilikuwa bado hazijafika hospitalini, na kichomi kilikuwa kikiua wazee kwa vijana. Katika maabara ya Oswald Avery, kwenye Taasisi ya Rockefeller jijini New York, William Tillett na Thomas Francis walichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa na dutu iliyotolewa kwenye bakteria wa kichomi, wakiiita sehemu C. Damu ya mgonjwa aliyezidiwa iliitikia kwa kuacha mashapo. Mgonjwa akishapata nafuu, damu yake haikuitikia tena.

Hilo lilishangaza, maana kingamwili kwa kawaida huongezeka mtu anapopona. Hiki kilikuwa kitu kingine: protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili unapopatwa na mchochota, uwe umeletwa na vijidudu, jeraha au saratani. Leo maabara huipima kwa jina la CRP.

Kwamba saratani na mchochota vina undugu, Rudolf Virchow wa Berlin alikwisha kulisema mwaka 1863, baada ya kuona chembe nyeupe za damu zimejazana ndani ya uvimbe wa saratani. Wapasuaji waliomfuata hawakulitilia maanani kwa miaka mingi. Macho yao yalikuwa kwenye uvimbe wenyewe: ukubwa wake, kama umegusa tezi, kama umesambaa. Mfaransa Pierre Denoix aliyapanga maswali hayo kuanzia miaka ya 1940 yakawa mfumo wa TNM, unaotumika hadi sasa. Ni mfumo mzuri, ila haumuulizi mgonjwa mwili wake una nguvu kiasi gani.

Nchini Japani, mwaka 1984, Onodera na wenzake waliliuliza swali hilo. Walitunga kanuni inayojumlisha albumini, ambayo ni protini ya damu, na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, za mgonjwa kabla ya upasuaji wa tumbo. Aliyepata chini ya 40, walishauri asikatwe utumbo na kuungwa.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Glasgow, katika hospitali ileile ya Royal Infirmary ambako Joseph Lister alianza kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki mwaka 1865. Mwaka 2003 Donald McMillan na wenzake walitoa kipimo chepesi: CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, alama moja, albumini ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita, alama nyingine. Wagonjwa wa kwanza walikuwa na saratani ya mapafu isiyoweza kupasuliwa. Baadaye kipimo kikahamia kwa wanaopasuliwa, hasa saratani ya utumbo mpana, na ikaonekana kwamba watu wawili wenye saratani ya hatua moja wanaweza kuwa na mustakabali tofauti kabisa. Kilirekebishwa mwaka 2007: albumini kushuka peke yake, CRP ikiwa chini, hakuhesabiwi tena.

Mwaka 2005 Walsh na wenzake, Uingereza, walitumia kitu cha bei nafuu zaidi, yaani uwiano wa neutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, kwa limfosaiti. Hupatikana kwenye kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu. Uwiano uliozidi 5 kabla ya upasuaji wa utumbo mpana uliashiria hatari.

CRP ina kazi hata baada ya kisu. Hupanda kwa kila aliyepasuliwa, hufika kilele kama siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Ikibaki juu ya miligramu 150 kwa lita siku ya nne, madaktari huanza kushuku kwamba utumbo ulioungwa unavuja, wakati mwingine kabla tumbo halijaonyesha dalili.

Lakini namba hizi zina kwao. Malaria nayo hupandisha CRP, na protini hiyo haisemi chanzo. Tena Waafrika wengi huzaliwa na neutrofili chache kuliko Wazungu, wakiwa wazima kabisa, kwa sababu ya badiliko katika jeni ya Duffy ambalo pia huwakinga na malaria ya vivaksi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, uwiano wa 5 uliopatikana Uingereza unaweza kuchelewa kutoa onyo. Hospitali ya Dar es Salaam au Kampala inahitaji mipaka iliyopimwa kwa damu ya watu wake, na hakuna sababu ya kumnyima mtu upasuaji kwa alama iliyotungwa Glasgow.