Ubia wa Ujiji ulioishia mahakamani

Ndugu msomaji wa Kasingirima, kabla hujachanga pesa na mwenzako mnunue mtumbwi au dagaa, sikia kisa cha hapa hapa Ujiji.

Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, maarufu Rumaliza, alikuwa na maskani Ujiji na alikuwa mbia wa Tippu Tip. Walichuma kwa pembe za ndovu na, tusifiche, kwa watumwa. Tippu Tip akarudi Unguja, Wabelgiji na Wajerumani wakaibana biashara ya bara, na mwisho Rumaliza alimshtaki mwenzake akidai fungu lake la ubia. Akashinda kesi.

Siku hizi mnasajili jina la biashara BRELA, na wengi mnadhani cheti kile ni kinga. Si kinga. Mwenzako akikopa kwa ajili ya biashara, mdai anaweza kukufuata wewe mpaka nyumbani. Kampuni yenye dhima ya ukomo ndiyo inayodaiwa peke yake, labda uwe umeidhamini mwenyewe (na benki hupenda sana saini hiyo). Ila kampuni ina gharama, na taarifa za kila mwaka.

Kwa watu wawili na mtumbwi mmoja, mimi nashauri jina la biashara pamoja na mkataba wa ubia. Andikeni nani katoa nini, hasara inagawanywaje, na mmoja akifa au akijitoa, nyavu na injini zinathaminiwa na nani. Baadaye ndipo TIN ya TRA na leseni ya manispaa.

Rasimu ileteni ofisini niisome kabla hamjasaini.