Aliyeshika Kamba

Mjomba wangu hakuwahi kuchimba. Miaka yake yote ya dhahabu huko Kahama aliipitisha kwenye mdomo wa duara, akiwa ameshika kamba. Ikitikiswa mara moja, alivuta kiroba cha mawe. Ikitikiswa mara mbili, alivuta mtu. Ikikaa kimya kuliko kawaida, aliita. Asubuhi, kabla mtu hajashuka, alikuwa akiwasha mshumaa, akauweka ndani ya kopo na kuuteremsha taratibu. Ukizimika, siku hiyo walianza kwa kupuliza hewa chini kwa mpira.

Nilipomwambia kwamba tasnifu yangu ya uzamili inahusu historia ya kupima hewa ya wafanyakazi wa chini ya ardhi na chini ya maji, aliuliza, "Yaani unasomea mshumaa?" Nilicheka. Baadaye niliona kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko kichwa cha tasnifu chenyewe.

Mwaka 1896 mwanasayansi Mskoti, John Scott Haldane, aliwasilisha ripoti kuhusu vifo katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Alionyesha kwamba wengi waliokufa baada ya milipuko hawakuuawa na moto wala mawe, bali na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Alikuwa ameivuta mwenyewe maabara, huku akiipima damu yake. Ushauri wake ulikuwa wachimbaji washuke na panya au ndege wadogo, kwa kuwa mwili mdogo unapumua haraka na huanguka kabla ya mtu. Ndege wa kanari walibaki kazini katika migodi ya Uingereza hadi miaka ya 1980.

Mtu huyohuyo akaitwa na jeshi la majini. Wapiga mbizi walikuwa wakirudi juu wakiwa na maumivu ya viungo, wengine wakipooza. Haldane aliwaweka mbuzi kwenye chumba cha hewa iliyoshindiliwa, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakachapisha majedwali ya namna ya kupanda juu kwa vituo.

Katika maandishi yake kuna jambo moja ambalo kila ninayemsimulia hulikataa kwanza: kukosa oksijeni hakuumi. Kinachomfanya mtu ahangaike kutafuta pumzi ni kaboni dayoksaidi kuongezeka mwilini. Oksijeni ikipungua peke yake, mtu hujiona yuko sawa, pengine hata mchangamfu, mpaka miguu inapomwishia. Ubongo unaotakiwa kugundua hatari ndio wa kwanza kuharibikiwa. Ndiyo maana mzamiaji anayetumia chombo cha kurudisha pumzi yake mwenyewe mara nyingi hubeba vihisi vitatu vya oksijeni. Kimoja kinaweza kudanganya, na yeye mwenyewe hawezi kuwa shahidi.

Kwetu masomo ya hewa yamekuja kwa misiba. Ukitoka Kahama kwenda kaskazini kupitia Geita unafika Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo majedwali yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayatumiki bila marekebisho. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na ndani yake kulikuwa na watu wanaogonga chuma. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikazama. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai baada ya siku mbili, kwa sababu chumba alichokuwemo kilibaki na hewa. Hewa ileile, tundu moja tofauti.

Na huku nchi kavu, Oktoba 2015, wachimbaji sita walifukiwa katika mgodi wa Nyangalata, Kahama. Mmoja alifariki. Watano walitolewa siku ya 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Magazeti yaliandika sana juu ya hao vyura. Mimi nafikiria hewa: mahali fulani katikati ya kifusi lazima ilikuwa inapenya.

Wakati wa UVIKO-19 nilimnunulia mjomba kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Kikasoma 97. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akanisimulia jambo ambalo hata mama hakuwa amelisikia. Mvua zilikuwa zimejaza duara maji. Wakateremsha pampu ya petroli, ikafanya kazi mpaka alasiri. Akashusha mshumaa, ukarudi unawaka vizuri. Akamruhusu kijana mmoja ashuke. Kamba ikakaa kimya. Aliita. Aliyemfuata kumwokoa naye hakutikisa kamba.

"Mshumaa ulikuwa unawaka," alisema. "Labda sikuusoma vizuri."

Nikamwambia ninachokijua. Moshi wa pampu una kaboni monoksidi, na mshumaa hauzimwi na gesi hiyo kwa kiasi kinachoua mtu. Hata hiki cha kidoleni kingedanganya: damu iliyobeba gesi hiyo ni nyekundu, na mashine huihesabu kama damu yenye oksijeni. Kingesoma 97.

Akakitoa kidoleni, akakiweka juu ya meza.

"Kwa hiyo nani angejua?"

"Kanari," nikasema.

Alinyamaza. Kuku walikuwa wanaparua nje ya mlango. Kisha akaniuliza hao ndege, huko kwa Waingereza, walikuwa wanalishwa nini.