Unafufua domeni ya zamani? Fanya haya kwanza, wateja wasipotelee kwenye tovuti iliyokufa

Tuchukulie mfano huu. Familia moja ya Mtwara mjini ilikuwa na tovuti ya kupangisha nyumba enzi za pilikapilika za gesi, miaka ile bomba la kwenda Dar es Salaam linajengwa hadi likazinduliwa Oktoba 2015. Biashara ikapoa. Tovuti ikabaki hewani bila kuguswa, na domeni yao ya .co.tz wakaendelea kuilipia kila mwaka.

Sasa wamejenga vyumba vya wageni Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Wanataka kutumia domeni ile ile. Inawezekana? Ndiyo, ila kuna kazi ya kufanya kabla.

Shida iko wapi?

Google haijui kwamba umebadilisha biashara. Inachojua ni anwani. Kurasa za zamani zinaweza kuendelea kutokea kwa muda, zikiwa na bei ya zamani na namba ya simu ya zamani.

Hapo ndipo pesa ya mtu inapopotea. Namba isiyotumika muda mrefu inaweza kugawiwa mtu mwingine. Mgeni akituma malipo ya awali kwa namba aliyoikuta kwenye ukurasa wa 2014, wewe hutajua mpaka afike mlangoni na mzigo wake.

1. Chunguza historia ya domeni

Ingia web.archive.org, andika anwani yako, uone kurasa zilivyokuwa mwaka hadi mwaka. Kama domeni umeinunua baada ya mwenyewe kuiacha, hatua hii usiiruke. Huenda ilitumika kwa kamari au utapeli.

Kumbuka pia kuwa Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya wanaonunua domeni zilizoachwa ili kupanda chati kwa jina la mwingine. Ukiweka tovuti mpya halali yenye maudhui yako mwenyewe, sera hiyo haikulengi.

2. Biashara ya zamani imehamia domeni nyingine? Subiri

Kama ile ya kupangisha nyumba bado ipo ila imehamia anwani mpya, domeni ya zamani bado ina kazi: kuwapeleka wateja kule. Google inashauri uelekezaji huo ubaki angalau mwaka mmoja. Ukiukata mapema na kuweka tovuti ya vyumba vya wageni, biashara zote mbili zinachanganywa. Hapo bora ulipie domeni mpya.

3. Amua hatima ya kila ukurasa wa zamani

Orodhesha kurasa zote za zamani, kisha uzigawe mafungu mawili:

- Wenye mrithi. Mfano ukurasa wa "Jinsi ya kufika Mtwara" bado una maana kwa mgeni wa Msimbati. Uelekeze kwenye ukurasa mpya unaofanana nao kwa kutumia msimbo 301, maana yake "umehama moja kwa moja".
- Usio na mrithi. Mfano "Nyumba ya vyumba vitatu, Shangani". Seva ijibu 404 (haupo) au 410 (umeondolewa kabisa). Google ikipita tena, itaufuta taratibu.

Usielekeze kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo. Fundi wako anaweza kukwambia "tusipoteze wageni", lakini mtu aliyetafuta nyumba ya kupanga akitua kwenye picha za ufukwe, anaondoka. Google nayo mara nyingi huuhesabu ukurasa wa namna hiyo kama haupo.

Jambo lingine: usizuie kurasa hizo kwenye faili la robots.txt. Inaonekana kama njia ya kuzificha, kumbe ukifunga mlango, Google haiwezi kuingia kuona kwamba zimeondolewa. Anwani zinaweza kuendelea kuonekana.

4. Fungua Search Console

Ni huduma ya bure ya Google. Thibitisha kuwa domeni ni yako, kisha:

- angalia kama kuna adhabu iliyoachwa na mtumiaji wa zamani;
- angalia orodha ya watumiaji, uondoe wamiliki wa zamani, pamoja na ule uthibitisho waliouweka kwenye seva au DNS;
- tuma ramani ya tovuti yenye kurasa mpya tu;
- kwa ukurasa hatari, kama ule wenye namba ya malipo, omba uondolewe haraka. Ombi hili huuficha kwa takriban miezi 6 tu, kwa hiyo ile 404 au 410 lazima iwepo pia.

5. Safisha nje ya tovuti

Badilisha jina, simu na mahali ulipo kwenye Ramani za Google, Facebook na Instagram. Waliowahi kuweka linki yako, waombe wairekebishe. Kama zilikuwepo barua pepe za domeni hiyo, kagua ni akaunti zipi bado zinazitumia kubadilishia nywila.

Itachukua muda gani?

Hakuna tarehe maalumu. Kurasa zinazotembelewa sana na Google hubadilika ndani ya siku chache, nyingine huchukua wiki hadi miezi. Kwa hiyo anza mapema, siyo wiki ya kupokea mgeni wa kwanza.

Kwa kipindi hicho, weka sentensi moja juu kabisa ya tovuti mpya: "Hatupangishi tena nyumba. Sasa tunapokea wageni Msimbati. Namba yetu ya malipo ni hii hapa tu." Google itachelewa kuelewa, lakini mteja aliyeshika simu ataelewa hapo hapo.