Kutoka Jina la Taifa hadi Tusi: Historia ya Neno 'Bugger'

Tusi huweza kuhifadhi historia ambayo watumiaji wake wamekwisha kuisahau. Makala haya yanadhamiria kulithibitisha dai hilo kwa kuchunguza neno la Kiingereza 'bugger'.

Chimbuko la neno hili ni 'Bulgarus' la Kilatini, yaani Mbulgaria. Katika karne ya 10 kulizuka nchini Bulgaria madhehebu ya Wabogomili, waliofundisha kwamba ulimwengu unaoonekana ni kazi ya shetani. Mafundisho yaliyofanana na hayo yalipoenea kusini mwa Ufaransa, wafuasi wake waliitwa 'bougres'. Jina la taifa likawa jina la uzushi. Isitoshe, kwa kuwa wazushi hao waliona uzazi kuwa njia ya kuifunga roho mwilini, wapinzani wao waliwasingizia kujamiiana kinyume cha maumbile.

Kiingereza kililipokea neno hili katika karne ya 14 likiwa bado na maana ya mzushi. Mnamo 1533, chini ya Henry VIII, bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyolitoa kosa la ulawiti katika mahakama za Kanisa na kulitia mikononi mwa dola. Adhabu yake ilikuwa kifo, nayo haikufutwa hadi 1861.

Mitaani neno lilifuata njia yake. Lilikuwa tusi la jumla, kisha likalegea, hususan Australia na New Zealand, hata likaweza kumaanisha 'jamaa' tu, au kudokeza huruma na udhia. Mnamo 1999 lilirudiwarudiwa katika tangazo la gari la Toyota kwenye runinga za nchi hizo.

Ni dhahiri, basi, kwamba etimolojia ya tusi siyo maana yake. Mfasiri wa riwaya hana budi kuuliza ni nani anamwambia nani, na kwa nia gani. Penye huruma, 'maskini' latosha. Penye chuki, huenda akachagua 'mshenzi'. Lakini hata hapo atahadhari. Waungwana wa pwani ya Afrika Mashariki waliwaita watu wa bara 'washenzi' kabla neno hilo halijawa tusi la kila mtu. Katika lugha zote mbili, aliyetukanwa kwanza ni mgeni, na kosa lake lilikuwa ugeni wenyewe.